Mashine mpya ya matiti haitapunguza safari za mama wa Rusizi

Mei 2025, jarida la kitabibu la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza kwa wanawake zaidi ya 9,000. Mamografia ya kawaida ilikuwa imewaona wazima, lakini matiti yao yana tishu nzito zinazoficha uvimbe. Waliorudiwa kwa mamografia ya kuchomwa dawa walikutwa na saratani 19 katika kila wanawake 1,000. Waliopimwa kwa ultrasaundi ya kujiendesha, 4 tu.

Dawa yenyewe ina iodini na huchomwa mshipani. Picha mbili hupigwa kwa nguvu tofauti za eksirei, kisha kompyuta huondoa moja ndani ya nyingine. Panapong'aa ndipo damu inapokimbilia, na saratani hula damu nyingi. Mwenye figo dhaifu huangaliwa kwanza.

Je, habari hii inamhusu mama anayeuza sambaza Kamembe? Kwa mbali sana. Mashine hiyo inatafuta kisichoshikika kwa mkono. Wagonjwa wengi wa kwetu hufika na uvimbe walioushika wenyewe zamani. Utafiti wa wagonjwa 144 wa Butaro na Rwinkwavu, uliochapishwa 2015, ulionyesha kuwa nusu yao walikuwa wamemaliza miezi 15 au zaidi tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kujulikana. Tusimlaumu mama peke yake: ucheleweshaji wa upande wa huduma ulilingana na ule wa mgonjwa, miezi mitano mitano. Waliochelewa zaidi mikononi mwa huduma ni waliozungushwa vituoni mara tano au zaidi.

Kwa mchuuzi wa mpakani, mara tano ni siku tano bila soko. Halafu kuna Nyungwe, Kigali, na kupanda Burera hadi Butaro.

Burera yenyewe ilionyesha njia. Kuanzia 2015, wauguzi wa vituo vya afya huko walifundishwa kupima matiti kwa mikono, na hospitali ya Butaro ikafundisha madaktari na wauguzi wake kutumia ultrasaundi, ile ambayo tuliotoka Kongo tunaiita ekografi. Hakuna mtambo wa mamilioni hapo.

Januari 2025 baraza la mawaziri liliidhinisha matibabu ya saratani yaingie katika mituweli. Ni hatua kubwa. Lakini kadi hailipii siku za soko. Tunachopaswa kudai hapa Rusizi ni ekografi na kuchukuliwa kinyama siku moja, katika hospitali ya wilaya, na kinyama ndicho kisafiri kwenda maabara, mama abaki.