JENGO LIPIMWE NA MWEZI WA JULAI PIA



Liko neno geni ambalo sasa tunalisikia kwa wakubwa na makontrakta: majengo ya kijani. Maana yake si rangi. Ni majengo yaliyojengwa ili yale umeme kidogo: jua linachemsha maji, upepo unapoza vyumba, na mitambo ya joto au ya ubaridi ikiwako, inajiwasha na kujizima kwa saa na kipima joto. Chama hakiyapingi. Jengo la Umoja wa Mataifa kule Gigiri, Nairobi, lilifunguliwa mwaka 2011 kwa ajili ya watu 1,200, na ofisi zake zilijengwa bila mashine za ubaridi. Hewa yenye joto hupanda katika uwazi ulioachwa katikati ya jengo ikatokea juu, na hewa mpya huingia madirishani. Jambo hili ni jema, na hatuoni kwa nini liwe la wakubwa peke yao.

Shida yetu ni siku ya kukabidhiana. Tuseme jengo limekwisha mwezi wa Februari, jua la Nakuru likiwa kali. Fundi anakuja, anapima, anaona vyumba vimepoa sawasawa, anatia sahihi, anakwenda zake. Matundu ya juu yamewekewa saa yafunguke usiku, saruji ipoe, na mchana ule ubaridi uwafae watu. Kwa Februari ni akili nzuri kabisa. Lakini mji wetu uko kama mita 1,850 juu ya bahari. Unapofika Julai ile saa haijui kwamba majira yamegeuka. Matundu yanafunguka usiku kama kawaida, na karani anayefika asubuhi anakuta ukuta baridi kama jiwe la mtoni.

Hapo ndipo watu wanapojitafutia dawa. Wengine huziba matundu kwa maboksi, na watu wengi wakavuta hewa ile ile iliyochoka kutwa nzima. Mwenye kifua kikuu akiwamo, awaambukiza wenziwe. Wengine huleta hita za nyumbani na kuchomeka tatu katika soketi moja mpaka waya unanuka. Na askari wa usiku, ambaye hakuna anayemkumbuka katika ramani ya jengo, hujifungia na jiko la makaa katika kibanda chake. Ndugu, moshi wa makaa yaliyokwisha kushika hauonekani wala haunuki, nao huua mtu usingizini. Jiko lisiingie ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili bila kwenda chuo kikuu. Injini ikitoka karakana, kuizungusha katika yadi ya Nakuru hakutoshi. Njia ya Eldoret inapanda hata Timboroa, zaidi ya mita 2,700, na injini iliyokwenda vizuri tambarare bila mabehewa yaweza kusimama huko, mzigo ukiwa nyuma. Basi kwa nini jengo lipimwe tambarare tu?

Wala si sisi tuliobuni jambo hili. Uingereza, kanuni za majengo ziitwazo BREEAM zinayo habari ya kupima mitambo tena majira yanapogeuka, na watu wakiwa ndani wanafanya kazi. Marekani, kanuni za LEED zina sehemu inayotaka jengo liangaliwe tena kama miezi 10 baada ya kukamilika. Na hapa karibu, shamba la Oserian huko Naivasha lilianza mwaka 2003 kupasha moto nyumba za mawaridi kwa joto la ardhini, hasa usiku na alfajiri, ili unyevu usilete ukungu. Waridi liliangaliwa kwa saa na kwa majira. Karani je?

Sasa fedha. Katika mikataba mingi ya ujenzi sehemu ya malipo ya kontrakta huzuiwa mpaka muda wa kurekebisha kasoro uishe, mara nyingi miezi 6 au 12. Jengo lililokabidhiwa Oktoba kwa miezi 6, muda wake unakwisha Aprili, na Julai haijaonekana. Baada ya hapo fundi hapokei simu. Kwa hivyo twataka waajiri waandike miezi 12 katika kila mkataba, na jengo lipimwe mara mbili: kati ya Januari na Machi, tena kati ya Juni na Agosti. Tena wafanya kazi waulizwe, maana kipima joto kinaning'inia ukutani na mtu ameketi dirishani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka hewa safi izunguke mahali pa kazi, na kwamba penye watu 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama na afya. Wajumbe wa matawi, itieni habari hii katika ajenda ya kamati zenu. Andikeni tarehe, saa, chumba, na joto mlilopima. Kipima joto cha duka kinatosha. Barua isemayo "tunasikia baridi" hutupwa kapuni, lakini karatasi yenye hesabu ya wiki nne inahitaji kujibiwa. Zileteni kwa katibu kabla ya mwisho wa Agosti, na majengo ambayo muda wa kontrakta unakaribia kwisha yatangulie.