Kijana Akisema "Naweza", Tumepima Nini?

Mwaka 2018, vijana wa miaka 15 waliofanya mtihani wa kimataifa wa PISA unaoendeshwa na shirika la OECD walipewa pia hojaji. Je, unaweza kueleza jinsi hewa ukaa inavyobadili tabianchi? Unaweza kujadili kwa nini watu huwa wakimbizi? Majibu yalikuwa manne, kuanzia "siwezi" hadi "naweza kwa urahisi". Mtihani wa kuonyesha uwezo wenyewe ulikuwepo kando, lakini nchi na maeneo 27 tu ndiyo yaliyoufanya. Kwingineko tumebaki na neno la kijana.

Neno hilo silidharau. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba anayeamini ataiweza kazi huing'ang'ania hata inapomlemea. Ila yeye mwenyewe alisisitiza kwamba imani hiyo ipimwe kwa kazi mahususi, ngazi kwa ngazi za ugumu. Kumuuliza mtoto kama anajiamini "kukabili mabadiliko ya tabianchi" ni kupima bahari kwa kibaba.

Takwimu za PISA za 2006 zinanipa wasiwasi zaidi. Waliojua kidogo kuhusu sayansi ya mazingira ndio walioelekea kutumaini kwamba matatizo ya mazingira yatapungua katika miaka 20 iliyofuata. Matumaini si kujiamini, najua, lakini yote mawili hustawi mtu asipojua kina cha maji. Mwalimu hodari anaweza kufundisha muhula mzima, alama za kujiamini za wanafunzi wake zikashuka, na kazi yake ikahesabiwa kuwa imefeli.

Nchini Kenya jambo hili si la nadharia, kwa kuwa kijana anayeamini kwamba hawezi sayansi hataichagua. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, walipokuwa Gredi ya 9 mwaka 2025, walichagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Fikiria msichana wa Turkana anayeujua ukame kwa miguu yake, kwa kuyafuata maji, lakini shuleni kwake hakuna maabara. Akiandika "siwezi" kwenye hojaji kama ile, ametueleza habari za shule yake, na sisi tunaziandika kwa jina lake.

Ningependa aulizwe mengine. Unaweza kupima kina cha kisima kila wiki na kuandika kumbukumbu? Unaweza kusoma chati ya mvua? Umewahi kuzungumza na mhandisi wa maji? Kisha apewe chati yenyewe aisome, na alichosoma kiwekwe kando ya alichojibu.