MTOTO NA DAFTARI LAKE LA HESABU

Mara nyingi karani arudipo nyumbani jioni humkuta mtoto akimngoja na daftari la hesabu. Nasi kwa uchovu twashika kalamu na kumwandikia jibu, au twamkaripia. Twakiri kuwa tumeyatenda yote mawili.

Juzi mtoto wetu alishikilia kwamba 0.5 mara 0.3 ni 1.5, kwani, alisema, kuzidisha ni kuongeza. Kosa hilo lilikuwa na akili ndani yake, wala halikustahili makaripio. Tulimkumbusha kwamba shilingi ina senti 100: shilingi 0.3 ni senti 30, na nusu yake ni senti 15, yaani 0.15. Akacheka, akafuta mwenyewe.

Aljebra nayo huwatisha wengi kwa jina tu, ingawa jina lenyewe latokana na Kiarabu, al-jabr, katika kitabu alichokitunga al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9. Chukua 3x + 5 = 20. Tuseme madaftari matatu ya bei moja, pamoja na penseli ya shilingi 5, ni shilingi 20. Ondoa 5 pande zote mbili, kama katika mizani. Zabaki 15, na kila daftari ni shilingi 5. Karani gani hajafanya hivyo ofisini?

Basi twawaomba wanachama wajuao hesabu watoe saa moja kila Jumamosi katika chumba cha mikutano, na watoto wa matarishi wapokewe sawasawa na wa makarani. Majina yapelekwe kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi.