Injini ikinyamaza, pima kwanza

Najua nimepotea hapa, na kimya kingi kina mshindo. UE zimeisha, nimeiacha Mlimani na joto lake, niko zangu nyumbani Karagwe, jirani na Omurushaka, nakula ndizi na asubuhi navaa sweta. Leo siandiki habari za bumu wala za hosteli. Nina neno kuhusu mafundi wetu na sisi wateja wao. Naomba msininunie.

Neno lenyewe: injini ikishafanyiwa ovahoo, mwenye gari ana haki ya kuona nafasi za valvu zikipimwa mbele ya macho yake, kwa namba, kabla hajamalizia hela ya fundi. Siyo kusikilizwa kwa sikio. Kupimwa.

Nasema hivi kwa sababu ya Land Rover ya baba, One Ten yenye injini ya 300Tdi, ile dizeli ya lita 2.5. Gari hiyo ndiyo inashusha ndizi na kahawa kutoka Nkwenda, kule Kyerwa (zamani sote tulikuwa wilaya moja, Kyerwa ikamegwa 2012). Hiyo hiyo ndiyo ada ya wadogo zangu wawili. Ilianza kula oili, ikafumuliwa: ringi mpya, beringi mpya, valvu zikasagwa, gasketi ya silinda hedi ikabadilishwa. Ikarudi nyumbani inanong'ona. Majirani wakaja kuisikiliza kama redio. Baba anatabasamu. Mimi ule ukimya ndio ulionitia wasiwasi.

Sikilizeni. Chuma kikipata moto kinarefuka. Valvu nayo inarefuka, hasa ya ekzosi inayopitisha moshi wa moto. Ndiyo maana injini ikiwa baridi huachwa upenyo mdogo kati ya roka na mkia wa valvu. Kwenye 300Tdi ni milimita 0.20, za inleti na za ekzosi sawa. Upenyo ukizidi, utasikia ka-ka-ka, nguvu inapungua kidogo na vyuma vinagongana. Ni kero, lakini angalau unaisikia. Upenyo ukikosekana husikii kitu. Injini ikipata moto valvu haifungi mpaka mwisho, gesi ya moto inachungulia pembeni, na valvu haipati nafasi ya kukaa kwenye kiti chake ipoe. Inaungua taratibu huku wewe unaisifia. Unakuja kushtuka asubuhi ya baridi gari haliwaki, na hedi inafunguliwa upya katikati ya msimu wa kahawa.

Tena injini iliyofumuliwa ndiyo yenye hatari zaidi. Ukisaga valvu na kiti chake, valvu inazama ndani ya hedi, kwa hiyo mkia wake unapanda kuifuata roka. Upenyo wa zamani umekwisha hapo hapo.

Nikamwendea fundi. "Shikamoo fundi." "Marahaba msomi, umerudi?" Nikamwomba tufungue kava la tapeti tupime wote. Akacheka. "Mwanangu, hizi nimeanza kuzifunga wewe hujazaliwa." Na ni kweli, simbishii. Lakini alikuja, na hiyo ndiyo heshima yake kwangu.

Tulipima alfajiri, injini imelala usiku kucha. Fila geji niliinunua Kariakoo kwa masalia ya bumu. Valvu ziko nane, na hesabu ya kuzipima ni tamu: namba zijumlishwe zipate tisa. Unazungusha krenki kwa spana mpaka valvu namba 8 ibonyee chini kabisa, unapima namba 1. Namba 6 ikibonyea unapima 3. Ikibonyea 5, unapima 4. Basi, hivyo hivyo. Bati la 0.20 linatakiwa lipite kwa kusuasua, kama karatasi unayoivuta iliyobanwa na kitabu.

Tano zilikuwa sawa. Mbili zilikubali bati la 0.10 tu. Moja, ya ekzosi, haikupitisha hata 0.05. Fundi akalitazama lile bati, akalijaribu mwenyewe mara mbili, halafu akachukua bisibisi na spana bila maneno. Kulegeza nati, kuseti, kukaza, kupima tena maana nati ikikazwa kipimo huhama. Saa moja kazi imekwisha. Sasa inagonga kidogo, na baba anaiangalia kwa mashaka.

Hapa ndipo nawageukia wateja. Nani aliyemfundisha fundi kubana tapeti? Ni sisi. Gari likitoka gereji linagonga kidogo tunasema fundi huyu kanjanja, likinyamaza tunamwongezea hela ya soda. Fundi ana watoto, anatupa tunachokisifia. Halafu tunaona aibu kudai kipimo, eti ni kumdharau mtu mzima. Jamani, hii ni Karagwe ya Ndagara, mfalme anayekumbukwa kwa uhunzi, vyuma vyake vilitunzwa Bweranyange. Ufundi hapa ni jambo la heshima. Mwenye mizani ya kahawa tunamkagua mpaka gramu ya mwisho na hanuni. Kwa nini fundi anune?

Mtasema si kila injini iko hivi. Kweli, zipo zenye tapeti za haidroliki zinazojirekebisha, hizo ziacheni. Zenu za Probox zenye 1NZ-FE ni 0.15 hadi 0.25 inleti, 0.25 hadi 0.35 ekzosi, lakini hazina skrubu, kurekebisha ni kubadilisha vikombe, kwa hiyo pimeni kabla hedi haijafungwa moja kwa moja.

Na asiye na fila geji? Wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa karibu milimita 0.1. Nyembe mbili pamoja, umeipata 0.20. Angalieni vidole tu.

Vipimo vyote vinane nimeviandika nyuma ya risiti ya kahawa, baba kaibandika ndani ya mlango wa stoo. Gasketi mpya inajibana na valvu zinajikalia, kwa hiyo ikitembea kilometa 1,000 hivi itapimwa tena. Jumatatu napanda basi kurudi chuo. Fila geji nimemwachia fundi.