Kituo Kimoja Zaidi: Nani Anakilipia?

Ndugu wafanyakazi, mtu aliyewahi kukata mkonge au kupalilia chai anajua maana ya kuongezewa ngwe. Nyapara hasemi kwamba leo mtafanya kazi mpaka jua lizame. Husema, "Malizia na mstari ule mmoja tu." Siku hizi maneno hayo yanasemwa kwa kompyuta, na wanaoambiwa ni madereva.

Kazi yenyewe iko hivi. Mpangaji wa safari huingiza vituo vyote katika programu, nayo hutafuta mpangilio wenye mwendo mfupi. Tusiidharau kazi hiyo. Vituo 10 vyaweza kufuatana kwa namna 3,628,800. Ukiongeza cha 11, zinakuwa 39,916,800. Hapo mashine imetushinda, wala hatuna ugomvi nayo. Ugomvi huanza gari likiwa tayari njiani, mpangaji anapochomeka kituo kingine na programu kumjibu: kilomita mbili, dakika tano.

Dakika tano za nini? Za magurudumu. Kungoja geti lifunguliwe, kushusha magunia, kumtafuta karani wa stoo atie sahihi: kama hakuna aliyeziandika dakika hizo, kwa kompyuta hazipo. Wanaozilipa ni dereva na utingo wake, kwa kukosa chakula cha mchana au kwa kukimbiza gari.

Huko Marekani, kampuni ya UPS ilieneza programu yake iitwayo ORION katika njia zipatazo 55,000 kufikia 2016, ikajivunia kupunguza maili milioni 100 kwa mwaka. Vyema. Lakini chama cha Teamsters kina kifungu katika mkataba wake na kampuni hiyo: dereva aliyejiandikisha, akizidishiwa saa 9 na nusu kwa siku 3 katika juma moja, ana haki ya kushtaki. Kifungu hicho hakikatazi kompyuta. Kinaijengea ukuta.

Shirika la Kazi la Kimataifa nalo lilipitisha Mkataba namba 153 mwaka 1979. Unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila mapumziko, wala zaidi ya saa 9 kwa siku, na kushughulikia mzigo kuhesabiwe kuwa kazi. Nchi zilizouridhia ni chache, jambo la aibu.

Kwa maoni yangu, vyama visipoteze nguvu kuipinga programu. Vidai kila kituo kiandikiwe dakika za kushusha mzigo, zilizopimwa madereva wakiwepo. Gari likishaondoka, kituo kisiongezwe bila dereva kukubali. Na ratiba ya asubuhi itunzwe! Bila hiyo, siku ya kesi tajiri ataleta karatasi ya jioni, ionekane kana kwamba vituo vyote vilikuwapo tangu alfajiri, na dereva ataitwa mvivu.

Wa shambani wasiseme hayo ni ya madereva peke yao. Lori la chai likiongezewa vituo viwili vya kununulia majani, majani ya kituo cha kwanza hukaa yamebanana, yakapata joto na kugeuka rangi. Kiwandani yakikataliwa, hakuna atakayeiuliza kompyuta. Ataulizwa mchumaji. Kwa hiyo mkataba ujao wa madereva ukiletwa mezani, wajumbe wa mashamba nao wawepo.