Mawe, marumaru au lipu? Bei ya ukuta wa nje huamuliwa kwenye mizani

Mteja wa Kampala anayetaka kuvisha kuta za nje za nyumba yake mawe ya Mazeras huanza kwa kuuliza bei ya machimboni. Bei hiyo humvutia, kwani mawe hayo huchimbwa nje kidogo ya Mombasa na huhitaji mitambo michache. Tatizo ni kwamba kati ya Mombasa na Kampala kuna takriban kilomita 1,170, na jiwe ni bidhaa inayouzwa kwa mita ya mraba lakini husafirishwa kwa tani.

Hesabu yenyewe si ngumu, ingawa wengi huifanya baada ya kupokea malipo ya awali. Jiwe lenye unene wa milimita 25 huwa na uzito wa karibu kilo 58 kwa kila mita ya mraba. Marumaru za ukutani za unene wa kawaida hufikia kama kilo 18. Lipu ya mchanga na saruji yenye unene wa milimita 15, kwa mchanganyiko wa moja kwa nne, hutumia saruji isiyozidi kilo 6, kwa sababu mchanga hupatikana palepale ujenzi unapofanyika. Paneli za alumini za milimita 4, zile ambazo mafundi wengi huziita Alucobond hata kama si za kampuni hiyo, zina kilo 5 na nusu hivi.

Tuchukue lori lenye uwezo wa kubeba tani 26. Likipakia mawe, litabeba mita za mraba zisizofika 450. Likipakia marumaru, zaidi ya 1,400. Likipakia saruji, mzigo wake utapiga lipu mita 4,600. Nyumba ya familia yenye mita 150 za ukuta wa nje ina maana kwamba lori zima la mawe linamaliza nyumba tatu tu. Tuseme nauli ni dola 2,000 kwa safari: kila mita ya jiwe itabeba karibu dola 4.50 za nauli, marumaru dola 1.40, na lipu senti 43. Hapo mawe yaliyovunjika kona njiani hayajahesabiwa, na mpakiaji yeyote anajua kwamba huwa yapo.

Kuna jambo jingine ambalo mteja haliulizi. Mawe yanatoka pwani kwenda bara, mwelekeo uleule wa bidhaa zinazoagizwa kupitia bandari ya Mombasa. Malori yanayorudi pwani ndiyo ambayo mara nyingi hukosa mzigo na kukubali nauli ya chini. Kwa hiyo jiwe hugombea nafasi na makontena katika upande ulio ghali, wakati mbao zinazotoka mashariki mwa Kongo kwenda Kenya hupata upande ulio nafuu.

Mizani nayo haina urafiki na jiwe. Tani 26 za mawe huchukua nafasi ya mita za ujazo 11 tu, hivyo bodi la lori huonekana karibu tupu wakati gari limeshajaa kisheria. Kishawishi cha kuongeza safu moja zaidi ni kikubwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Gari linaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla na bado likakwama kwa sababu mawe yalirundikwa nyuma.

Kwa upande wa ushuru, jiwe lina nafuu. Limechimbwa Kenya, hivyo likiwa na cheti cha uasili wa bidhaa halilipi ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya. Kodi ya ongezeko la thamani ya Uganda, asilimia 18, inabaki palepale, tena hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kujumlisha nauli. Nauli kubwa humwumiza mfanyabiashara mara mbili.

Marumaru zina hadithi tofauti. Tangu Julai 1, 2022, bidhaa nyingi za kauri kutoka nje ya Jumuiya zimewekwa kwenye kundi la ushuru wa asilimia 35, pamoja na rangi na bidhaa kadhaa za chuma. Ndiyo maana viwanda vya Chalinze, Mkuranga na Kajiado vina nguvu sokoni. Lakini nguvu hiyo imo ndani ya cheti. Marumaru zilizoagizwa kutoka mbali kisha zikabadilishiwa maboksi Dar es Salaam hazigeuki kuwa za Tanzania, na mnunuzi wa Kigali anayekubali maneno ya muuzaji bila karatasi anacheza na tofauti ya asilimia 35.

Paneli za alumini ni nyepesi na wasafirishaji huzipenda. Tahadhari yake ni moto. Jengo la Grenfell Tower jijini London, ambako watu 72 walikufa Juni 2017, lilikuwa limevishwa paneli zenye kiini cha plastiki inayowaka. Anayeagiza hana budi kudai maandishi yanayoeleza kiini ni cha aina gani, kwani kwa macho paneli inayowaka na isiyowaka kirahisi zinafanana.

Je, jiwe liachwe? La hasha. Wateja wenye busara hulitumia sehemu ya mbele tu na sehemu nyingine wakapiga lipu na rangi. Tani 8 zinatosha mbele ya nyumba nne, kila moja ikipata karibu mita 34. Mawe yakipangwa sakafuni mwa lori kwa usawa juu ya ekseli, nafasi ya juu inaweza kujazwa bidhaa nyepesi za mwenye mzigo mwingine, naye akachangia nauli. Sharti ni kwamba wakala wa forodha aambiwe mapema, kabla ya lori kupakia, kwa kuwa mzigo wa watu wawili unahitaji nyaraka za watu wawili, na kasoro ya mmoja huwachelewesha wote Malaba.