Kabla ya kisu, maji kwanza



Kati ya 2018 na 2020, wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, ndoo za maji na kloro zilikuwa kila mahali. Kanisa, banki, bariere: hauingii bila kunawa. Ebola ikaisha, ndoo zikaondoka. Leo tunauliza: mahali mutu anapasuliwa tumbo, maji iko?

Munganga mbele ya operasio hanawi kama sisi mbele ya kula fufu. Anatoa pete na saa, kucha ziko fupi. Anaosha mikono mpaka viwiko kwa sabuni ya kuua vijidudu, dakika 2 mpaka 5, vidole vikiangalia juu ili maji yasirudi kwenye vidole. Mipira ya mikono peke yake haitoshi, sababu inapasukaka katikati ya kazi bila mutu kuona.

Mambo haya si ya jana. Mwaka 1847, kule Vienna, munganga Semmelweis alilazimisha wenzake kunawa na maji ya kloro mbele ya kupima wamama wa kuzaa. Vifo vikashuka sana mwaka ule ule.

OMS inasema katika Afrika, mpaka wamama 20 kwa 100 wanaozalishwa kwa kupasuliwa wanapata maambukizi kwenye kidonda. Mama kama huyo anarudi kulala hospitali, dawa zinaongezeka, deni linapanda, mtoto anabaki na nani?

Tusitupie wanganga lawama yote. Kama robine imekauka, anamwagiwa maji ya bidoni na kopo, afanye nini? Goma tunalala pembeni ya ziwa, tunanunua maji ya bidoni. Ni aibu ya Leta, si ya muuguzi.

Tunadai:

1. Tanki na maji ya kutiririka kwa kila chumba cha operasio, mbele ya kununua jeep mpya za wakubwa.

2. Mahali maji hayaaminiki, alkoli ya mikono iliyopimwa kwa kazi ya operasio. OMS yenyewe inaikubali.

3. Alkoli ya kunawa itengenezwe hapa kwetu. Kati yetu kuna waliosoma kemia na farmasi, diplome ziko kwenye sanduku, wanakaa bure. Wapewe kazi!

Na wewe, ukipeleka mugonjwa, uliza kwa heshima: "Munganga, maji iko?" Si matusi. Ni haki yako.